Imewaka, Kwa Hiyo Imeisha?

Fundi wa kubahatisha ana kipimo kimoja tu cha kazi: taa imewaka. Akibonyeza swichi na balbu ikatoa mwanga, anakusanya bisibisi zake, anapokea chake, anaondoka. Mwenye nyumba naye anaridhika, maana alichotaka ni mwanga na mwanga ameupata. Kisa hiki kinahusu taa iliyowaka vizuri kwa miezi kadhaa, kisha ikamvunja mtu mkono. Nyumba yenyewe nimeijenga kwa matofali ya nyumba nyingi, kwa hiyo mtu asihangaike kutafuta jina la mwenyewe. Waya zilizomo ndizo za kweli. Zimeungwa hivyo hivyo katika nyumba zisizo na idadi, na huenda hata humo unamosomea.

Iweke Dindira, juu kwenye milima ya Usambara upande wa Korogwe, penye chai na migomba, ambako ukungu ukishatua nguo hazikauki kwenye kamba. Huo unyevu usiusahau. Ukiteremka kutoka huko hadi bonde la mto Pangani unafika Hale, kwenye kituo cha umeme wa maji cha megawati 21 kilichoanza kazi mwaka 1964, na mbele yake kipo cha New Pangani Falls, megawati 68, cha mwaka 1995. Yaani umeme ulikuwa ukizalishwa hapo hapo chini ya mlima, huku vijiji vingi vya juu vikiendelea na vibatari. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi 2007. Nguzo zikaanza kupanda milima, na ada ya kuunganishiwa kijijini ikateremshwa hadi shilingi 27,000.

Lakini shilingi 27,000 inakufikisha kwenye mita. Kuanzia mita kuingia ndani ni mfuko wako. Wayaringi, swichi, soketi, breka, waya wa ethi, yote unanunua na kumlipa fundi mwenyewe, na jumla yake inaweza kuizidi ile ada mara nyingi. Ndiyo maana kukabuniwa UMETA, Umeme Tayari, kile kibao kidogo chenye swichi, soketi na kinga yake, kwa nyumba ya chumba kimoja au viwili isiyoweza kugharamia wayaringi. Na ndiyo maana vishoka, mafundi wasio na leseni, hawaishi.

Mwenye nyumba yetu hakuwa mtu wa vishoka. Alipovuta umeme alimtafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, akachorewa mchoro, kazi ikafanywa ndani ya kuta zote, ombi likapelekwa TANESCO, mita ya LUKU ikafungwa. Meni swichi ikawa na breka mbili, moja ya taa na nyingine ya soketi. Pembeni ya mlango wa sebule likawekwa boksi la swichi tatu: sebule, korido, baraza. Hadi hapo hakukuonekana cha kulaumu.

Tatizo la nyumba zetu ni kwamba hazimaliziki. Umeme unakaguliwa siku unapoingia. Baada ya hapo nyumba inaongezwa chumba, banda, choo, jiko la nje, na kila kiungo kipya kinanyonya umeme kutoka kile cha zamani bila mtu kuja kutazama. Miaka miwili baadaye fundi mwingine, wa bei nafuu, aliongeza soketi sebuleni, chini kabisa ya lile boksi la swichi. Kisha kijana wa nyumba akarudi kutoka Dar es Salaam, ambako alikuwa amembebea fundi mmoja ngazi na kumshikia waya hadi akaamini na yeye ni fundi. Mama yake alikuwa akipikia jiko la nje kwa mwanga wa simu aliyoibana kwapani. Kijana akaona aibu, na hiyo ni sifa njema. Akanunua balbu, holda, swichi ya nne na roli ya waya pacha.

Alianza kama watu wengi wanavyoanza. Alizima breka ya taa, akabonyeza swichi ya sebule, taa haikuwaka, akasema umeme umekatika, akafungua boksi. Ndani akakuta waya mmoja mwekundu unashuka kutoka darini, unaingia swichi ya kwanza, unarukia ya pili, unarukia ya tatu. Kisha waya tatu nyeusi zinapanda kurudi juu.

Alijua nyekundu ni waya wa moto na nyeusi ni nyutro. Ndivyo alivyofundishwa, na kwenye soketi ndivyo ilivyo. Ila katika boksi la swichi lililofungwa kwa mtindo huu, nyutro haimo kabisa. Nyutro inaishia darini, kwenye taa. Kinachoshuka kwenye swichi ni waya wa moto peke yake. Swichi inauruhusu au inauzuia, na ukiruhusiwa unarudi juu kwenye taa kwa ule waya mweusi. Mweusi ule ni waya wa moto uliopitia mlangoni. Fundi makini huuvisha kipande cha tepu nyekundu kwenye ncha, ili atakayefungua boksi miaka kumi baadaye ajue. Huyu wa kwanza, pamoja na leseni yake, hakuvisha. Ni dosari ndogo, lakini hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Kijana akachukua waya wa taa ya jiko, kahawia na buluu. Kahawia akaipitisha kwenye swichi ya nne kutoka kwenye ile nyekundu. Buluu akaifunga na mojawapo ya zile nyeusi, ya baraza. Akarudisha breka, akawasha swichi yake. Taa ya jiko ikatoa mwanga dhaifu wa kupepesa, na taa ya baraza, ambayo hakuiwasha mtu, nayo ikapepesa pamoja nayo. Alipowasha swichi ya baraza, ya baraza ikawaka sawasawa na ya jiko ikazimika kabisa.

Boksi lilikuwa limempa jibu kamili. Umeme ulikuwa unapita taa ya jiko, unaingia taa ya baraza, ndipo unafika kwenye nyutro. Taa mbili zinagawana volti 230, kila moja inapata nusu shibe. Ukiwasha swichi ya baraza, taa ya jiko inakuwa na waya wa moto pande zote mbili, na umeme hauna pa kwenda. Mtu aliyesoma VETA hata mwaka mmoja angetazama tabia ile na kusema: huu mweusi si nyutro. Kijana alisema maneno yale yale. Kisha hakujiuliza, kama si nyutro, ni nini. Akaenda kutafuta nyutro pengine.

Hatua moja chini ya boksi ilikuwapo ile soketi ya fundi wa pili, nayo ina nyutro ya hakika. Akazima breka ya soketi, akaifungua, akatoa waya pacha kutoka hapo na kuupandisha hadi kwenye boksi la swichi. Sasa ndani ya boksi moja kulikuwa na rangi nne: nyekundu na nyeusi za fundi wa kwanza, kahawia na buluu zake mwenyewe.

Hizi rangi zimewasumbua wengi kabla yake. Sisi tulirithi mtindo wa Uingereza: nyekundu moto, nyeusi nyutro, kijani ethi. Waingereza wenyewe wakageukia rangi za Ulaya mwaka 2004, na kuanzia Aprili 2006 kazi mpya kwao ni kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, kijani yenye mstari wa njano kwa ethi. Dukani kwetu utauziwa zote mbili, wakati mwingine kwenye rafu moja. Kijana alilijua hilo pia, kwamba buluu imechukua nafasi ya nyeusi. Akafikiri hivi: kwenye boksi hili nyeusi ndizo zinazotoka kwenye swichi kwenda taani, buluu ni nyeusi mpya, basi buluu ndiyo ipite kwenye swichi. Hesabu ina mantiki yake, na hilo ndilo linalotisha, maana mjinga kabisa asingeifikia.

Akaunga kahawia kwa kahawia moja kwa moja, akazungusha tepu. Buluu akaikatisha kwenye swichi ya nne. Akawasha.

Taa ikawaka, safi, haipepesi. Akazima, ikazimika. Mama akapiga kigelegele kutoka jikoni.

Tazama alichokitengeneza. Swichi iko kwenye nyutro. Ukizima, umefunga njia ya kutokea, lakini njia ya kuingia iko wazi: waya wa moto umefika kwenye holda, umejaa ndani ya balbu hadi mwisho wake wa pili, unasubiri mtu wa kuukamilishia safari kwenda ardhini. Na boksi la swichi sasa linalishwa na breka mbili. Atakayezima breka ya taa na kulifungua atakutana na ile kahawia ya soketi, hai kabisa, nyuma ya zungusho la tepu.

Hata baada ya hapo nyumba iliwaonya. Usiku, swichi ikiwa imezimwa, balbu ya jikoni ilibaki na ung'avu hafifu. Balbu hizi za LED zinahitaji umeme kidogo sana kujionyesha, na kwenye unyevu wa Dindira umeme uliosimama kwenye waya unapenyeza kidogo kidogo. Mama aliuona.

"Mwanangu, hii taa mbona haizimi yote?"

"Ni balbu tu, mama. Za bei rahisi ndivyo zilivyo."

Na kweli kuna balbu za bei rahisi zenye tabia hiyo hata wayaringi ikiwa sahihi, ndiyo maana jibu lake lilikubalika. Lakini taa inayong'aa ikiwa imezimwa ni jambo la kupimwa kabla ya kulitafutia sababu, na kulipima hapa kungechukua dakika moja.

Msimu wa mvua balbu ikaanza kukatakata. Mama akazima swichi, kama inavyopasa. Akaleta kigoda, akapanda na kandambili zilizolowa, mkono mmoja ukashika nguzo ya jiko iliyonyonya maji, mwingine ukafungua balbu. Balbu ilikuwa ya kuzungusha. Vidole vilipoteleza kutoka kwenye plastiki na kugusa kola ya chuma, umeme ulimpitia. Kigoda kiliyumba, akaanguka, na kule kuanguka ndiko kulikomtoa kwenye ile holda. Akavunjika mkono, juu kidogo ya kiganja.

Breka haikushtuka, na watu wengi wanashangaa kusikia hivyo. Breka ya soketi ni ya ampea 20 au zaidi, ya taa 6 au 10. Kazi yake ni kulinda waya usiungue. Mwili uliolowa, ukiuhesabu kwa ukinzani wa omu 1,000 hivi, kwa volti 230 unapitisha ampea 0.23. Kwa breka hicho ni kiasi cha taa chache tu, haioni sababu ya kukata. Kwa moyo wa binadamu ni zaidi ya inavyotosha kuusimamisha. Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine, kile kilichoandikwa RCD au RCCB na namba 30 mA, ambacho kinapima umeme unaotoka na unaorudi. Ukipungua miliampea 30 njiani, maana yake kuna mahali unavujia, kinakata kabla hujamaliza kushtuka. Meni swichi ya nyumba hii haikuwa nacho.

Majirani walimpa pole kisha wakasema hakuzima. Mume akasema hakuzima. Hata kijana, kwa sauti ya chini, aliuliza, "Mama, una hakika ulizima?" Aliyepigwa na umeme ndani ya nyumba yake ndiye huwa wa kwanza kushukiwa, hasa akiwa mwanamke na aliyefunga waya ni mwanaume. Yeye akashikilia neno moja: nimezima kwa mkono wangu huu, ule mzima.

Baba akaagiza fundi kutoka Korogwe mjini, mzee mwenye mfuko wa turubai. Kijana akamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikiwa "Marahaba, mwanangu," na bila kuulizwa akazima breka ya taa na kushika bisibisi kufungua boksi. Mzee akamshika mkono.

"Umejuaje kwamba umekufa?"

"Taa haiwaki."

"Taa ipi?"

Akatoa mita ya kupimia, si ile testa ya bisibisi inayouzwa barabarani. Testa ile inawaka kwa umeme wa kudokoa tu, na inaweza isiwake ukiwa umesimama juu ya ubao mkavu, kwa hiyo inadanganya pande zote mbili. Kwanza akaijaribu mita yenyewe kwenye soketi ya chumbani, ambayo wote waliona redio inaimba: volti 230, na kitu. Kisha akafungua kifuniko bila kugusa shaba, akapima waya mmoja baada ya mwingine. Nyekundu, sifuri. Nyeusi zote, sifuri. Akaondoa tepu kwenye kahawia kwa ncha ya kipimio. Mia mbili thelathini. Breka ya taa ilikuwa chini muda wote.

Kijana akarudi nyuma hatua mbili. Mzee hakumwambia kitu. Alikwenda kwenye meni swichi akazima yote, akafunga kifuniko kwa tepu, akamwambia mdogo wa nyumba asimame pale asiruhusu mkono wa mtu, akauliza kama kuna sola au jenereta iliyoungwa ndani. Swali hilo kwa milimani ni la lazima, kwa sababu meni swichi haizimi betri iliyo uvunguni. Wakasema hakuna. Akapima tena waya zote, kisha akairudia mita kuona bado ni nzima: huko nyuma aliipimia kwenye soketi, sasa soketi imekufa, akatumia kifaa kidogo cha kuthibitishia mita alichokuwa nacho mfukoni. Niliwahi kuwaona mafundi wanaocheka utaratibu huo. Mita ikifa katikati ya kazi nayo inasoma sifuri.

Kabla ya kulegeza skrubu yoyote alimwambia kijana apige picha ya boksi kwa simu. Halafu wakavisha vipande vya tepu na kuandika kwa kalamu: chakula kutoka darini, sebule, korido, baraza. Zile nyeusi tatu zikavishwa wekundu zilioukosa siku ya kwanza. Waya uliopanda kutoka kwenye soketi ukatolewa wote, na soketi ikafungwa upya. Alipokuwa akizikata ncha alimwonyesha kijana kipande cha shaba kilichochunwa kupita kiasi, kimetokeza nje ya skrubu ya swichi kiasi cha punje ya mchele, karibu kugusa boksi lenyewe, ambalo ni la chuma na halikuwa na waya wa ethi. Boksi la chuma lisilo na ethi likiguswa na waya wa moto linakuwa moto lote, na skrubu mbili za kifuniko, ambazo kila mtu wa nyumba anazigusa anapotafuta swichi gizani, zinakuwa moto nazo. Akachuna upya ili plastiki iingie hadi mlangoni mwa skrubu, akakaza, akavuta kila waya kwa nguvu kuona kama unatoka. Mmoja wa fundi wa kwanza ulitoka.

Kwa taa ya jiko kulikuwa na njia fupi na njia ndefu. Fupi ni kuchukua nyutro darini, kwenye taa ya baraza, breka ile ile ya taa, kuirushia swichi ya nne moto kutoka kwenye ile nyekundu ya boksi, na kupandisha waya wa kurudi, kama wenzake watatu. Ndefu ni jiko kupewa breka yake, kwa kuwa baba alishataja kuweka friji huko baadaye. Mzee alitaka ndefu, na juu yake kifaa cha miliampea 30 kwa nyumba nzima, na ethi ipimwe upya. Baba akasema fedha hizo hana hadi mavuno, na taa ilikuwa inawaka, si wairudishe tu wakigeuza hizo waya mbili?

Mzee akakataa, na hapa mimi niko upande wake, ingawa najua wengi watamwona mgumu. Kugeuza waya mbili kungeiondoa hatari ya holda. Boksi lingebaki na breka mbili, na hatari ya atakayelifungua kesho ingekuwa pale pale. Akaziba ncha za waya wa jiko kwa konekta, akaacha nafasi ya swichi ya nne tupu, akasema atakuja siku kifaa kikinunuliwa, na kazi hiyo ataiwekea jina lake na namba ya leseni. Mama akarudi kwenye simu ya kwapani, mara hii kwa mkono mmoja, na hakulalamika kama mumewe.

Kifaa kilinunuliwa kabla ya mavuno. Kijana aliuza redio yake. Siku ya kazi mzee alimpa bisibisi, yeye akakaa kwenye kiti akitazama. Waya zote zilipokwisha kukaa mahali pake na breka kurudishwa, kijana akataka kwenda kuwasha taa. Mzee akamwambia apime kwanza ile holda swichi ikiwa imezimwa, kutoka kwenye kila kimoja cha vituo vyake hadi waya wa ethi. Sifuri, sifuri. Ndipo akawasha, akazima, akapima tena. Kisha akabonyeza kitufe kidogo cha majaribio kwenye kile kifaa kipya, nyumba nzima ikazimika kwa mkupuo, kuku wakapiga kelele.

Waliporudisha umeme, mzee alidai karatasi. Akamfanya kijana achore boksi: waya gani unatoka wapi, rangi gani, breka gani. Mchoro ulikuwa mbaya, mistari inapandana, lakini unasomeka. Baba aliutia kwenye bahasha moja na hati ya kiwanja na nakala ya fomu ya TANESCO. Tangu hapo umeongezwa mstari mmoja, wa taa ya banda la ng'ombe, kwa mwandiko wa fundi mwingine.